Mdogo Wangu Analipwa Asilime

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Turffontein, Johannesburg. Asubuhi jua lilikuwa kali, sasa mawingu yanajikusanya juu ya uwanja wa mbio za farasi na upepo unapeperusha mifuko ya plastiki mtaani. Hali ya moyo: wivu.

Nilikuwa nimeandika "uchovu". Nimefuta. Kama siwezi kusema ukweli kwenye blogu hii, ambapo wanaonisoma hawafiki hata kujaza kombi, nitausema wapi?

Nina wivu na mdogo wangu Aloyce. Siyo ule wivu wa kumwona mtu kavaa viatu vizuri ukajisemea Mungu anajua kugawa, kisha ukasahau. Huu umekaa tumboni. Nikila nakula nao. Leo nimekwenda nao kanisani, nimepokea nao komunyo, na padri alipotuambia tupeane amani, nilimpa mkono mzee mmoja wa nyuma yangu huku namuwaza Aloyce na miti yake.

Wacha nieleze taratibu, maana wengine mnaosoma hamjui kwetu.

Kwetu ni Kilimanjaro, upande wa juu kwenye migomba. Kuna sheria kule ambayo haijaandikwa mahali popote lakini kila mtoto anaijua kabla hajajua kusoma. Kifungua mimba anapewa shamba. Kitinda mimba anabaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani ile migomba na kahawa iliyoizunguka nyumba, ambamo watu wetu wanaishi na ambamo wanazikwa. Sisi wa katikati tunapewa baraka. Ukimkuta Mchagga mbali na kwao anahangaika na biashara, usimuulize katoka kijiji gani. Muulize alizaliwa wa ngapi.

Sisi tulizaliwa watatu, wanaume watupu. Kaka Deo alipata shamba la mahindi la tambarare. Aloyce alipata kihamba. Mimi nilipata nauli.

Silalamiki sana, au tuseme nilikuwa silalamiki sana. Nina karakana Doornfontein, natengeneza makochi na viti. Navua kitambaa cha zamani, nabadilisha sponji, nakaza springi, navalisha upya. Nimepanga chumba hicho pamoja na fundi cherehani kutoka Bukavu, Mama Furaha. Yeye anashona vitambaa, mimi nagonga misumari. Binti yangu Neema anasoma, tunakula, kodi inalipwa. Kwa mtu aliyekuja na begi moja, ni maisha.

Mpaka Alhamisi.

Alhamisi mchana Aloyce alituma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Amesimama kando ya mto unaopita chini ya kihamba, amevaa shati alilovaa siku ya kipaimara cha mwanawe, na nyuma yake kuna kibao cha kijani kimepigiliwa kwenye nguzo: SHAMBA LA HIFADHI. Chini yake, kwa herufi nyeupe, jina lake. Jina zima, mpaka la ukoo.

Akaeleza kwa ujumbe wa sauti. Serikali imeanza mpango wa kuwalipa watu wenye mashamba yaliyopakana na mto. Mto unakauka, udongo unateremka kila masika, watu wa chini wanakosa maji. Kwa hiyo anayekubali kuacha kulima ukingoni, akatunza miti ya asili na kuacha majani yafunge udongo, analipwa kila msimu. Shamba letu limependwa kuliko yote ya kijiji kwa sababu ya miti ya misesewe na mringaringa mkubwa uliopo pale. Afisa mwenyewe aliukumbatia mti akapigwa picha. Siku ya Jumamosi wangekuja kupima mipaka na kumaliza.

Shangazi wakamwaga vigelegele vya maandishi. Binamu aliyeko Mwanza akaandika "Mungu fundi". Na mimi, Evarist mwana wa mzee yuleyule, nilikaa juu ya kochi la mteja ambalo nilikuwa sijalimaliza, nikaisikiliza ile sauti mara tatu.

Analipwa asilime!

Nieleweni. Mimi nikikaa siku moja bila kugonga msumari, siku hiyo sikuingiza kitu. Hakuna serikali ya nchi yoyote itakayokuja kunipa shukrani kwa kuliacha kochi la mtu jinsi lilivyo. Na huyu Aloyce, ambaye tangu utoto ukimtuma kuni anarudi na kinyonga, leo serikali imegundua kwamba uvivu wake una faida kwa mazingira.

Siyo mvivu. Nimeandika kwa hasira. Lakini naliacha hilo neno hapo, ndivyo nilivyowaza.

Kilichoniuma zaidi ni ile miti. Misesewe ile tuliipanda baba na mimi, mwaka ambao mto ulikula ukingo ukabeba migomba miwili mitatu. Baba alichimba, mimi nilishika miche, na Aloyce nilikuwa nimembeba mgongoni kwa khanga ya mama kwa sababu akishushwa analia. Alilala muda wote wa kazi. Alijikojolea mgongoni kwangu. Huo ndio mchango wake katika uhifadhi.

Na jina kwenye kibao ni lake.

Kuna jambo jingine, na hili sijawahi kuliandika hapa. Baba, miaka yake ya mwisho, nilipokwenda nyumbani Krismasi, alinishika mkono tukashuka mpaka pale mtoni. Juu kidogo ya mringaringa kuna mahali ardhi inatulia, kama jamvi dogo. Akasema, "Wewe ukirudi, weka nyumba yako hapa. Mdogo wako hatakukatalia." Hakukuwa na mtu mwingine. Ng'ombe mmoja tu alikuwa anakula majani.

Basi nimekuwa nikirudi pale kila siku kwa mawazo. Nikigonga msumari hapa Doornfontein, najenga pale. Najua madirisha yatatazama wapi. Chini ya kitanda changu nina vitasa vinne vya shaba nilivyovinunua kwa watu waliokuwa wanabomoa nyumba ya kizamani mtaa wa jirani. Neema huwa ananiuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa lakini hakisemi, kwamba Baba, nani ananunua vitasa kabla ya mlango? Nami namjibu, mtu mwenye mpango.

Sasa sikilizeni masharti ya serikali kama Aloyce alivyoyasoma kwa ile sauti yake ya upole: eneo likishaingia kwenye hifadhi hakuna kulima, hakuna kuchimba, hakuna kujenga.

Hakuna kujenga.

Sikufikiri. Au nilifikiri, lakini wivu ndio uliokuwa unashika usukani. Nikabonyeza kitufe cha sauti kwenye kundi, mbele ya shangazi wote, nikasema: "Pale mtoni ni pangu. Baba alinipa kwa mdomo wake. Mjue sijafa. Na huyo afisa aambiwe shamba lina mgogoro."

Nikatuma. Nikaweka simu kifudifudi. Nitakuwa mwongo nikisema sikusikia raha. Nilisikia raha tamu kabisa, kama mtu aliyejikuna panapowasha, na ilidumu kama inavyodumu raha ya kujikuna.

Kundi lilinyamaza. Kundi ambalo watu wanatumiana sala na picha za maua tangu alfajiri, kimya. Jioni likaja jibu moja, kutoka kwa Witness, mke wa Aloyce. Aliandika maneno mawili tu.

"Asante, shemeji."

Ningependa angenitukana.

Ijumaa nilikwenda kazini sijalala vizuri. Nilikuwa navalisha viti vya mapokezi ya daktari wa meno, viti sita, vya kupelekwa Jumamosi. Nikaanza kugonga. Baada ya muda Mama Furaha akasimamisha cherehani yake, akaniangalia juu ya miwani.

"Papa Neema, iko mutu alikufa?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini unapiga ile kiti sawa unapiga mwizi?"

Nikamwambia. Nilitarajia ataniunga mkono, kwa sababu Mama Furaha ni mtu wa haki, ukimpunja kipande cha kitambaa anakufuata mpaka stendi ya teksi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, siyo kicheko cha ubaya, akapiga paja.

"Ndugu yako njo anakula, na weye njo unaumwa tumbo!"

"Siyo hivyo. Ni suala la haki."

"Haki gani? Weye uko na wivu, papa. Sema tu. Wivu haiko kanser, mutu anaweza kuisema." Akarudisha kitambaa chini ya sindano. "Mi, shamba yetu kule, hata sijue nani analalaka mule sasa. Dada yangu angenipigia simu, aseme serikali inamulipa juu ya kuangalia miti, ningecheza hapa mbele yako, na hii mugongo yangu yote mubovu."

Nikamwambia mambo ya kwao ni tofauti. Akasema ndiyo, ni tofauti, akaendelea kushona.

Mchana Kaka Deo akapiga. Kaka Deo ni mtu wa maneno machache, alikuwa mwalimu, anazungumza kama anayesahihisha madaftari. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba kwa ubaridi.

Akanieleza nisichokijua. Aloyce alikwisha kung'oa magimbi yote ya ukingoni. Lile lilikuwa sharti la kuonesha nia: kabla ya kupimwa, ukingo uwe mtupu. Magimbi ambayo mama alianzisha, ambayo watoto wa Aloyce wanakula asubuhi kabla ya shule, na maharage yaliyokuwa yameanza kutoa maua. Ameng'oa vyote kwa mkono wiki iliyopita, yeye na Witness. Sasa afisa amesikia kuna mgogoro wa ndugu, na amesema wazi: hapimi shamba lenye kesi. Jumamosi atapita, ndugu wote watatu waseme mbele ya majirani kwamba hawana dai. Asiyeweza kufika aseme kwa simu ya video. Ikishindikana anakwenda kwa jirani, na nafasi haitarudi.

"Kwa hiyo," akasema Kaka Deo, "mdogo wako hana magimbi na hana malipo. Una furaha?"

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Hawakujua itakuja siku ambapo serikali itawalipa watu waweke jembe chini. Lakini nilielewa kwamba jembe lililoingia pale ni langu.

"Baba alinipa pale, kaka," nikasema. Sauti yangu ilitoka ya kitoto.

"Najua. Aloyce pia anajua. Baba alimwambia. Hakuna anayekubishia." Akapumua. "Lakini mto ukikauka, kwenye hiyo nyumba yako utakunywa nini? Tuma sale, Evarist. Utume kabla ya mkutano."

Hapa lazima niwaeleze tena. Sale ni mmea wenye majani marefu, tunaupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu hadi maneno yakakuishia, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Na aliyeletewa hawezi kukataa. Hata kama umemchomea nyumba. Anaweza kulia, anaweza kukutazama vibaya mpaka mwakani, lakini kusamehe lazima asamehe. Ndiyo maana watu hawalitumi ovyo.

Na mkubwa kumtumia mdogo? Hata sikumbuki kama nimewahi kuona.

Ijumaa nzima nilijiambia situmi. Nikasema, mbona lile ni jambo la wazee, sisi watu wa sasa tunaandika "samahani" na kikatuni cha mikono iliyofumbatwa. Nikaandika kweli. "Samahani mdogo wangu kwa maneno yangu." Nikalisoma. Lilikuwa jepesi kama ganda la karanga. Nikalifuta.

Halafu nikawaza jambo baya zaidi, na nalisema hapa ili lisibaki ndani. Niliwaza kuwa nisipofanya chochote, nisipopokea simu tu, mambo yatajiharibu yenyewe na hakuna atakayesema ni mimi. Watasema mtandao ulikuwa mbovu. Aloyce atang'oa kibao chake. Tutakuwa sawa, yeye hana na mimi sina. Wazo hilo lilinipa usingizi, na ndilo linalonitisha mpaka sasa, kwamba nililala vizuri.

Jumamosi nikapeleka viti kwa daktari wa meno. Nimebeba kiti cha kwanza kuingia mapokezi, na pale pembeni ya meza, kwenye chungu cheupe, lilikuwa limesimama.

Sale. Johannesburg. Kwa daktari wa meno.

Sikuwahi kuliona huku, na kwa hakika nimelipita mahali pengi, maana baadaye nimegundua wanaliweka kila ofisi kama pambo. Lilikuwa limekua kwa ubaridi wa kiyoyozi, majani yamefutwa vumbi yanang'aa. Nilisimama na kiti cha watu mikononi. Ni kama kumkuta shangazi yako benki, amekaa kwenye foleni.

Nilipomaliza kupanga viti nikamwendea dada wa mapokezi. Nikamwomba jani moja.

"Hau, baba," akasema, "jani la nini? La kuvuta?"

Nikamweleza, kwa Kiingereza changu cha misumari, kwamba kwetu jani hili linaomba msamaha. Akanitazama kwa muda. Akauliza nimemkosea mke? Nikasema mdogo wangu. Akainuka, akaangalia mlango wa daktari, akachukua mkasi wake wa karatasi akakata jani kubwa la chini akanipa kwa mikono miwili. Akasema ndugu zake wa kiume hawasemeshani tangu mazishi ya mama yao, na kama hili linafanya kazi nirudi nimwambie.

Nje, kwenye kibaraza, nikaliangalia vizuri. Lilikuwa na mstari wa njano katikati. Sale la kwetu ni kijani tupu. Sasa nikaanza kubishana na nafsi yangu palepale watu wakipita: je, la mstari linahesabika? Na sale linapelekwa kwa mkono, na mtu wa kati, siyo kwa picha. Nikikosea mila ndani ya kuomba msamaha wa kosa jingine, nitatuma jani gani kuombea hilo?

Nikalifunga fundo. Lilikuwa gumu kuliko la nyumbani, likachanika kidogo. Nikapiga picha likiwa juu ya goti langu, nikamtumia Kaka Deo, maana lazima pawe na mtu wa kati.

Jibu lake lilikuja haraka. "Hii nini, jani la mahindi?"

"Ni sale, kaka. La huku."

Kisha: "Limevaa sare ya mgambo. Haya, nampelekea."

Nikarudi Doornfontein na lile jani mfukoni mwa shati. Mkutano ulikuwa saa tisa yao, saa nane yetu. Kufikia saa nane mawingu yalikuwa meusi juu ya jiji lote. Simu ikaita, nikapokea, nikaona migomba, miguu ya watu, uso wa Kaka Deo kwa karibu mno, kisha kamera ikageuzwa.

Nikaona mto.

Ukingo ulikuwa mtupu kama Kaka Deo alivyosema, udongo mweusi uliochimbuliwa magimbi, na juu yake misesewe. Imekuwa mikubwa. Sikujua imekuwa mikubwa namna ile. Nilipoondoka nilikuwa naweza kuushika mti kwa viganja viwili. Majirani walisimama kwenye majani, Witness amefunga mikono, na Aloyce pembeni, ana mvi kidogo juu ya masikio. Mkononi alikuwa na simu yake, na nilijua anaangalia nini kwenye ile simu.

Akaongea yule afisa, mwanamama mwenye kofia pana. "Evarist, uko hewani? Ndugu zako wamesema hawana dai. Umebaki wewe."

Na hapo mvua ya mawe ikaanza.

Ambao hamjawahi kukaa chini ya bati mvua ya mawe ya Johannesburg ikishuka, sijui niwaelezeje. Ni kama lori linamwaga kokoto juu ya kichwa chako na halimalizi. Nilisema. Yule mama akaweka mkono sikioni. Nilisema tena kwa nguvu. Nikaona midomo yake: hatukusikii. Kaka Deo akasogeza simu, uso wake wote ukaniambia kwamba anafikiri najifanya.

Kumbe lile wazo langu la usiku lilikuwa limeletewa kila kitu. Mtandao, kelele, kisingizio. Ningekata simu tu, basi, na hakuna ambaye angenilaumu.

Nilitazama lile jamvi dogo la ardhi juu ya mringaringa. Kulikuwa na mtoto wa jirani amesimama juu yake, hajui amesimama sebuleni kwangu.

Nikapanda juu ya kiti, nikasogeza simu mpaka ikagusa midomo, nikapiga kelele kwa nguvu zote Mungu alizonipa: "SINA DAI! MIMI EVARIST SINA DAI! PAPIMWE!"

Mafundi viatu wa chumba cha pili wakaja mlangoni kuona nani anauawa. Mama Furaha aliinua mikono kama yuko ibadani. Kule Kilimanjaro nikaona watu wanapiga makofi bila sauti, na yule mama mwenye kofia akaanza kutembea na kamba yake ya kupimia. Aloyce hakupiga makofi. Aliinua simu yake, akaielekeza kwenye kamera ili nione. Ilikuwa picha ya jani langu la mstari. Akaiweka kifuani.

Kisha mtandao ukakatika wenyewe.

Mngependa niandike kwamba wivu uliisha pale. Mimi pia ningependa. Nilishuka kwenye kiti, Mama Furaha akanipa chai, akasema nimefanya kitu ya mwanaume, na kwa muda kama wa kunywa ile chai nilijiona mtu mkubwa. Halafu nikakumbuka kibao cha kijani na jina lake, na wivu ukakaa tena palepale ulipokuwa umekaa. Niliulizwa kama nina dai. Hakuna aliyeniuliza kama nina wivu.

Leo baada ya misa Aloyce amenipigia. Kwa sauti tu, bila video. Ameniamkia shikamoo kaka kama kawaida, mimi nikaitika marahaba kama kawaida, tukaulizana watoto, tukaulizana mvua. Hakutaja sauti yangu ya Alhamisi. Ukishapokea sale hutaji tena, na Aloyce ni mtu wa mila kuliko sisi wote, labda kwa sababu mila ilimpendelea.

Ameniambia Neema aje Krismasi, aje aone miti ambayo baba yake aliipanda. Amesema hivyo: ambayo baba yake aliipanda. Nikatazama dirishani.

Kisha akasitasita. Nilijua kuna kitu, tangu mdogo akiwa na kitu hupumua kwa mdomo.

"Kaka, pale pako pa mtoni pamekwenda," akasema. "Najua ulitaka kujenga. Nimekosa usingizi kwa hilo. Sasa nimezungumza na Witness. Juu, kwenye migomba, kando ya kaburi la baba, kuna nafasi. Nimeacha bila kupanda kitu. Ni yako. Hakuna atakayekuhamisha."

Nilichelewa kuelewa. Nilifikiri anasema nyumba. Nikaanza hata kupima kwa mawazo kama nyumba itaenea pale kati ya migomba. Ndipo nikaelewa ananipa nini. Nilikuwa na kiwanja, mdogo wangu kwa moyo mweupe kabisa amenifidia kaburi.

Na siwezi kukasirika, maana kwetu hicho ndicho kitu kikubwa kuliko vyote mtu anaweza kumpa nduguye. Kuna watu wa katikati wamezikwa Mombasa, wamezikwa Lusaka, wamezikwa hapa Johannesburg kwenye makaburi ya manispaa na wenyeji wasioweza kulitamka jina lao. Mimi nimepewa migombani, pembeni ya baba. Nilitakiwa kulia kwa shukrani. Nilifungua mdomo niseme asante, Mungu ni shahidi.

Nikasikia ninauliza: "Na nafasi ya kando ya kaburi la mama umemwachia nani?"

Nikasikia jogoo wao anawika huku Aloyce anatafuta namna ya kunijibu bila kuniumiza.

"Wa mama ni wa kitinda mimba, kaka," akasema taratibu. "Unajua."